Kubadili Betri ya Gari Nyumbani Bila Kuunguza Mkono Wala Redio

Umeme wa betri ya gari haurushi mtu. Volti 12 hazina nguvu ya kupenya ngozi kavu, na fundi anayeshika vichwa vyote viwili vya betri kwa mikono mitupu hafanyi mazingaombwe. Lakini betri hiyo hiyo ikikutanishwa na chuma pasipotakiwa hutoa mamia ya ampea kwa mpigo, zile zile zinazozungusha stata, yaani mota ya kuwashia injini, na chuma hicho huwa chekundu kabla hujajua umekosea wapi. Ndani ya boksi kuna tindikali ya salfa. Na betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo cheche moja inatosha kuilipua. Kwa hiyo anayeogopa kupigwa shoti anaogopa kisichokuwepo, na mara nyingi ndiye huyo huyo anayeinama juu ya betri na pete kidoleni na sigara mdomoni.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa hivi, ukiwa hujawahi kuifanya. Naieleza kwa kufikiria magari madogo ya petroli yaliyotoka Japani yakiwa yametumika, akina IST, Vitz, Passo, Premio, Noah, X-Trail na Fit, kwa kuwa ndiyo yamejaa mitaani kwetu, Dar hadi Nairobi. Haibridi, zinazotumia petroli pamoja na umeme, nimezitengea maneno yake mbele. Malori na magari yenye betri mbili siyagusi hapa. Hayo mwachie fundi umeme.

Kwanza, hakikisha tatizo ni betri

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Mtu ananunua betri mpya, baada ya wiki mbili gari haliwaki tena, na lawama zote anatupiwa muuza duka, kumbe alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini kuchaji betri, ndiyo haichaji.

Ukipiga stata ukasikia tik-tik-tik ya haraka huku taa za dashibodi zikififia, ama betri imeishiwa, ama terminali zimelegea. Taa zikibaki na mwanga wake kamili na stata ikatoa mlio mmoja tu, "tak", kisha kimya, ichunguze stata kabla ya betri. Fungua boneti. Shika kila terminali, yaani kile kibano cha waya kinachokumbatia kichwa cha betri, ujaribu kukizungusha kwa mkono. Kikizunguka, au ukikuta kimeota unga mweupe wenye ukijani, kisafishe na kukikaza kwanza, halafu jaribu kuwasha tena. Huenda safari ya dukani ikaishia hapo.

Kama unayo mita ya umeme, hata ile ya bei ya chini kabisa, iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Pima gari likiwa limezimwa tangu usiku. Betri iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 ina robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, na 12.0 kushuka chini ni tupu au inakaribia. Namba ndogo peke yake haimaanishi betri imekufa. Huenda uliacha taa ya ndani inawaka. Ichaji hadi ijae, iache ipumzike usiku kucha, pima tena asubuhi. Ikiwa imeshuka yenyewe hadi 12.2 bila gari kutumika, hapo kuna mawili: betri imechoka, au kuna kitu kinanyonya umeme kimyakimya. King'ora na kifaa cha kufuatilia gari vilivyofungwa ovyo ni wanyonyaji maarufu. Jibu ni rahisi kulipata: ichaji tena, chomoa waya wa hasi usiku, uone asubuhi; ikishuka tena ni betri, isiposhuka kuna mnyonyaji. Kabla hujachomoa, soma habari ya redio hapo chini.

Kipimo kingine kizuri ni kumwambia mtu apige stata huku wewe ukitazama mita. Betri nzima hushuka lakini hubaki juu ya volti 9.6 hivi. Inayoporomoka hadi 8 au 7, ilhali ilichajiwa ikajaa, imekwisha.

Gari likiwaka, pima tena injini ikiunguruma na taa zikiwa zimewashwa. Unataka kuona kati ya 13.5 na 14.7. Ukiona 12 na kitu, tena inazidi kushuka, alteneta au mkanda wake ndio wenye kesi, na betri mpya utakayoweka itamalizwa vilevile.

Kuna "kipimo" kimoja cha vijiweni ambacho naomba usikubali kifanyiwe gari lako: kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma, eti gari likizima alteneta ni mbovu. Magari ya zamani ya kabureta yalivumilia. Haya ya sasa yana kompyuta, na betri ndiyo inayolainisha umeme wa alteneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaweza kuruka juu na kuunguza kontroli boksi, yaani hiyo kompyuta, ambayo bei yake itakufanya uikumbuke betri kwa huzuni.

Kuhusu umri: kwa joto la pwani, betri ya kawaida ikifika miaka 2 hadi 3 imefanya kazi yake. Joto ndilo linaloiua, kuliko baridi, ingawa kwa nchi za baridi betri dhaifu hujulikana siku ya theluji. Ongeza safari fupi za foleni, kiyoyozi kikiwa juu na muziki juu yake, na alteneta haipati nafasi ya kurudisha kilicholiwa.

Soma herufi kabla ya kulipa

Chukua simu, piga picha ya maandishi yaliyo juu ya betri ya zamani, picha nyingine ya jinsi ilivyokaa na rangi za waya zake, ndipo uende dukani. Pale Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road ya Nairobi, utaulizwa "unataka NS ngapi?" na ukibabaika utauziwa iliyopo.

Kuna lugha mbili. Ya mtaani ni NS40, NS60, NS70, N70. NS40 ina takriban ampea-saa 35 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri), NS60 ina 45, N70 ina 70. Ya Kijapani ni kama 46B24L. Hiyo 46 ni uwezo. Namba kubwa, nguvu kubwa. Herufi B inahusu upana na kimo. 24 ni urefu wa betri kwa sentimita. L inasema chanya iko upande gani. NS40 inakaa kwenye ukubwa wa B19 au B20, NS60 ni B24, NS70 ni D26, N70 ni D31.

Uwezo unaweza kupanda kidogo bila shida: gari la 46B24L likiwekewa 55B24L linafurahi. Kisichobadilika ni umbo na ile herufi ya mwisho. Ukisimama upande ule mrefu ambao vichwa viko karibu nawe, betri ya L ina chanya mkono wa kulia, ya R ina chanya mkono wa kushoto. Ukinunua R badala ya L, waya wa chanya hautafika, na jaribu litakuja la kuigeuza betri au kuvuta waya kwa nguvu. Wapo walioshindwa na jaribu hilo, wakafunga kinyume, na fyuzi kubwa ikakatika papo hapo. Hao ndio wenye bahati. Wengine waliunguza alteneta.

Usishawishike pia na betri kubwa kuliko nafasi yake. Betri ndefu kwenda juu, kichwa chake cha chanya kinaweza kugusa boneti unapoifunga. Boneti ni chuma, na chuma chote cha bodi kimeunganishwa na hasi.

Vichwa navyo vina unene tofauti. Betri za B huja za vichwa vyembamba na za vichwa vinene. Ile yenye S mwishoni, mfano 46B24LS, ni nene. Terminali za gari lako zimetengenezwa kwa unene mmoja. Ukiweka kichwa chembamba kwenye terminali pana, fundi wa barabarani atakuchomekea msumari au kipande cha kopo ili ikaze, na utakuwa umenunua tatizo la gari kuzima kwenye matuta. Kuna bushi za risasi, vipete vya kunenepesha kichwa, zinazouzwa kwa kazi hiyo, ila kununua betri sahihi ni bora kuliko bushi.

Gari lako likiwa na mfumo wa kujizima kwenye foleni na kujiwasha, betri yake ina jina la namna nyingine: M-42, N-55, Q-85, S-95. Ni ghali. Ukiweka ya kawaida itafanya kazi kwa muda, halafu itakufa mapema, isipokuwa mfumo huo uwe umezimwa.

Dukani, omba wapime mbele yako. Betri mpya iliyokaa vizuri husoma 12.5 au zaidi. Chini ya 12.4 imelala rafuni muda mrefu, omba nyingine. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, au namba iliyogongwa kwenye boksi, mwambie muuzaji akusomee. Hiyo wanayoiita betri kavu si kavu; ina tindikali ndani, imefungwa tu usiongeze maji, kwa hiyo hatari zake ni zilezile. Ukinunua ya kujazwa tindikali hapo hapo dukani, waijaze wao, waiache itulie nusu saa, waichaji, ndipo uichukue. Na betri "zilizofufuliwa", zilizomwagwa tindikali ya zamani na kutiwa mpya, mimi sizinunui kwa bei yoyote.

Kabla ya kushika spana: habari ya redio

Hili haliandikwi kwenye vitabu vya Ulaya, lakini hapa kwetu kila mwenye gari la Japani analijua au atalijua. Redio nyingi zenye skrini na ramani, hasa za Toyota, zikikatiwa umeme hujifunga. Ukirudisha betri, skrini inakuletea maandishi ya Kijapani yakidai kadi ya ramani, au namba ya siri, ambavyo vyote vilibaki Japani. Muziki umekwisha, na kama kamera ya nyuma inapitia humo, nayo imekwenda.

Kama redio yako ni ya aina hiyo na unaipenda, una njia mbili. Kuna kifaa kidogo kinachoshikilia kumbukumbu kwa kupeleka umeme kupitia tundu la uchunguzi chini ya usukani, au betri ya pili inayounganishwa sambamba wakati ile ya kwanza inatolewa. Njia zote mbili zinafanya kazi. Tatizo ni kwamba waya za gari zinabaki na umeme muda wote, kwa hiyo ulinzi mzima ninaouelezea hapa chini haupo tena, na terminali ya chanya ikigusa bodi ni moto. Ushauri wangu: kwa gari la namna hiyo mlipe fundi umeme anayejulikana afanye kazi hiyo moja. Kama redio yako ni ya kawaida, au ilishajifunga zamani na umeweka nyingine, endelea mwenyewe.

Maandalizi mengine ni machache. Gari liwe kwenye uwanja ulio wazi na kivuli, si ndani ya gereji iliyofungwa. Handbreki juu, gia kwenye P. Zima kila kitu, toa ufunguo, uuweke mfukoni mwako, na dirisha moja la dereva liache wazi, maana yapo magari yanayojifunga milango umeme ukirudi. Kama betri iko kwenye buti na buti linafunguka kwa umeme, lifungue kabla hujachomoa chochote.

Vua pete, saa, bangili na mkufu. Vaa nguo usiyoionea huruma; tone la tindikali halionekani siku ile, utaona tundu kwenye shati baada ya kufua. Glovu za mpira na miwani ya kukinga macho. Miwani ya jua ni afadhali kuliko hakuna, ila haizuii pembeni.

Jaza ndoo ya maji safi sasa, kabla hujaanza, usitegemee bomba la mgao. Tindikali ikigusa ngozi, mwaga maji mengi. Ikiingia jichoni, fungua kope kwa vidole, mimina maji taratibu bila kukoma kwa dakika 15 hadi 20, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Usitie magadi wala maziwa jichoni. Watoto wakae mbali, na anayevuta sigara akavutie kwa jirani.

Betri iliyovimba ubavu, iliyopasuka, au inayonuka yai bovu, usiibusti kwa umeme wa gari jingine wala usiichaji. Hiyo inatolewa tu, kwa upole.

Kutoa: hasi kwanza

Spana namba 10 ndiyo inayohitajika kwa magari mengi ya Japani. Fupi ni bora kuliko ndefu. Mpini wake uviringishe tepu nyeusi ya umeme, uache mdomo tu wazi.

Tambua hasi. Ina alama ya −, waya wake mara nyingi ni mweusi, na ukiufuata utaona umefungwa kwenye bodi. Kichwa cha hasi ni chembamba kidogo kuliko cha chanya. Usiamini rangi peke yake. Gari lililopita mikononi mwa mafundi watano linaweza kuwa na waya mwekundu pande zote mbili. Amini alama iliyo kwenye betri.

Legeza nati ya hasi, itoe terminali, uipindishe mbali na kuifunika kwa kitambaa kikavu ili isirudi yenyewe kugusa kichwa. Ndipo uende kwenye chanya.

Mpangilio huu si desturi tu. Bodi yote ya gari, injini, mabano, vyote ni hasi. Ukianza na chanya wakati hasi bado imeunganishwa, spana yako upande mmoja imeshika chanya, na upande wa pili ikigusa chuma chochote cha gari umefunga duara: mamia ya ampea yanapita kwenye kipande cha chuma kilicho mkononi mwako. Nimewahi kuonyeshwa spana ya namna hiyo gerejini, namba 10 ya kawaida, ina pengo ubavuni kama imeng'atwa, na kingo za pengo zimeviringika kwa kuyeyuka. Aliyeishika alikuwa kijana wa kujifunza kazi na aliiachia kwa wakati. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi ni hasi kwa hasi, hakuna kinachotokea. Na hasi ikishatoka, hata ukiwa kwenye chanya ukagusa bodi, duara limekatika.

Terminali ikikataa kutoka, izungushe kushoto kulia huku ukiivuta juu. Ikigoma bado, tia bisibisi kwenye ufa wa kile kibano uupanue kidogo. Usigonge kwa nyundo. Kichwa cha betri ni risasi, laini, na kimeshikana na mabamba ya ndani. Ukigonga unaweza kuking'oa mizizi yake, na kama ni betri unayotaka kuirudisha dukani kwa garantii, umeshaipoteza.

Baada ya hapo legeza mabano yanayoishikilia betri. Angalia nati zisidondoke kwenye kinga ya chini ya injini, maana kuzitafuta kunachukua muda kuliko kazi nzima. Inua betri kwa mikono miwili, mgongo umenyooka, betri ikiwa wima. Uzito ni kati ya kilo 9 na 18 kutegemea ukubwa. Kama ina mpini, utumie. Kama haina, shika chini, si kwenye mifuniko ya juu. Iweke chini kwenye ubao au kipande cha boksi.

Safisha pale ilipokaa

Wengi huruka hapa. Ule unga mweupe na kijani hauondoki kwa kufutwa. Ni chumvi za tindikali, na utaendelea kula trei na waya. Chukua magadi, yale yale ya kulainishia maharage, vijiko viwili kwa nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Paka kwa mswaki wa zamani kwenye terminali na kwenye trei. Vitatoa povu. Povu likikoma, tindikali imekwisha makali. Suuza kwa maji kidogo, kausha kabisa. Soda ya chupa nayo huondoa uchafu, sikatai, lakini inaacha sukari na nzi, na yenyewe ni asidi.

Ndani ya mduara wa terminali sugua kwa msasa hadi risasi ing'ae. Tazama pia waya wenyewe pale unapoingia kwenye terminali: ukiwa umevimba na ukibonyeza unasikia unasagika, umeoza kwa ndani, badilisha terminali au waya sasa hivi.

Kuweka: chanya kwanza

Betri mpya huja na kifuniko cha plastiki kwenye kichwa cha chanya. Kiache hapo mpaka betri imekaa kwenye trei. Iangalie mara mbili kabla ya kuiteremsha: chanya ielekee upande ule ule wa kwenye picha uliyopiga. Ikikaa, funga mabano yake. Betri inayocheza hutikisika kwenye barabara zetu mpaka mabamba ya ndani yanavunjika, na kamba ya mpira ya baiskeli si mabano. Kaza mpaka isisogee ukiisukuma, usikaze mpaka boksi libonyee.

Sasa toa kifuniko, vika terminali ya chanya mpaka ifike chini, kaza. Rudisha kofia yake ya mpira. Mwisho kabisa, hasi. Unaweza kuona cheche ndogo inapogusa. Ni kawaida, kuna vitu vinaanza kunywa umeme. Cheche kubwa yenye mlio si kawaida: acha, angalia kama kuna kitu kimewashwa, au umegeuza pande.

Ukazaji uwe wa mkono. Terminali isizunguke ukiishika, basi inatosha. Ukikaza kwa hasira risasi inatanuka na bolti linateleza. Ukishamaliza, paka mafuta ya mgando juu ya terminali, kwa nje, baada ya kukaza. Yanazuia hewa yenye chumvi, na kwa anayekaa Tanga, Mombasa au Unguja hiyo hewa si hadithi. Kisha weka mkono juu ya boneti uishushe polepole, uhakikishe haigusi kitu.

Washa, pima, fundisha gari upya

Likiwaka, rudia kile kipimo cha 13.5 hadi 14.7. Hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote vya siku hiyo.

Usishtuke gari likiunguruma vibaya au likitaka kuzima. Kompyuta imesahau ilivyokuwa ikirekebisha hewa. Liache liungurume dakika 10 hivi bila kukanyaga mafuta, kiyoyozi kimezimwa, kisha kiwashe, kisha endesha kama kawaida. Taa ya VSC, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ikiwaka kwenye baadhi ya Toyota, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia. Nyingi huzima zenyewe. Dirisha lisilopanda lenyewe, lishushe mpaka chini, lipandishe, ukaendelea kuvuta swichi sekunde chache baada ya kufika juu. Saa utaiweka mwenyewe.

Andika tarehe kwenye betri kwa maka peni na uitunze risiti pamoja na kadi ya garantii. Siku ya kwanza endesha nusu saa au zaidi mfululizo, maana betri ya dukani mara chache huwa imejaa.

Kama gari ni haibridi

Prius na Aqua zina betri mbili za aina tofauti. Ile ndogo ya volti 12 ndiyo inayoweza kubadilishwa nyumbani. Kwenye Prius nyingi iko kwenye buti, kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Kwa kuwa iko ndani pamoja na abiria, huja na mrija mwembamba wa kupeleka gesi nje. Betri mpya lazima iwe na tundu la mrija huo, na lazima urudishie mrija. Usiweke betri ya kawaida ya boneti humo ndani kwa sababu tu inaenea.

Hakikisha gari limezimwa kabisa, taa ya READY haiwaki, na ufunguo wa rimoti uko mbali nalo. Betri kubwa ya Prius ina volti 201.6, ya Aqua 144. Hapo yale niliyosema mwanzoni kuhusu volti 12 hayahusu tena, hizo zinaua. Waya zake zimevikwa rangi ya chungwa. Usizifungue, usizikate, usizivute kupata nafasi.

Betri ya zamani

Usiiache uani. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi na misombo yake, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Mombasa, wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, na risasi ikaingia kwenye damu yao. Phyllis Omido, aliyeanza kupaza sauti baada ya mwanawe kuugua, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, katika kesi iliyopanda ngazi hadi Mahakama ya Juu.

Muuzaji wa betri mara nyingi huipokea ile chakavu na kukupunguzia bei ya mpya. Uliza kabla hujalipa. Vijana wa chuma chakavu wanaopita na mkokoteni watakupa hela ya haraka, lakini baadhi yao huipasua betri na kumwaga tindikali mtaroni, palepale watoto wanapochezea. Kuipeleka, ifunike vichwa kwa selotepu, iweke wima ndani ya beseni la plastiki kwenye sakafu ya gari, si juu ya kiti, na madirisha yawe wazi njiani.